Bolti za Gerezani: soma kichwa, kisha geuza nati

Ukishuka mwendokasi pale Gerezani, Dar es Salaam, maduka ya bolti na nati hayako mbali. Kwa wingi wa saizi soko hili tunalipatia alama za juu: M6 (M na namba yake ni unene kwa milimita) ya kufungia kava, M20 ya nguzo ya chuma, hata za inchi za mitambo ya zamani. Pa kuwa macho ni kwenye ugumu wa mali. Bolti mbili zinaweza kulingana urefu, unene na rangi, kumbe moja inabeba karibu mara mbili ya mwenzake.

Tofauti imeandikwa kichwani. Kwenye bolti iliyoandikwa 8.8, zidisha namba ya kwanza kwa 100: chuma hicho hukatika kikivutwa kwa takriban nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba. Ya nyuma ya nukta inakuambia kwamba kwenye asilimia 80 ya hapo, yaani 640, bolti inaanza kurefuka na hairudi tena. Kwa hesabu hiyohiyo 4.8 ni 400 na 320, 10.9 ni 1000 na 900. Chukua M12 ya hesi za kawaida: ya 4.8 hukatika kwenye tani tatu na nusu hivi, ya 8.8 inafika karibu tani saba.

Pembeni ya namba panatakiwa pawe na alama ya kiwanda. Kichwa kitupu kihesabu kuwa dhaifu, hata muuzaji akiapa. Bolti za inchi hazina namba, zina mistari: mitatu ni gredi 5, sita ni gredi 8. Hapa wengi huchanganya, kwa sababu gredi 8 ya inchi iko jirani na 10.9, na gredi 5 ndiyo jirani wa 8.8.

Sasa nati, maana hapa ndipo mnunuzi anapoumia. Bolti yenye namba safi inafungiwa kifuko kimoja na nati isiyo na alama yoyote, na mteja anaondoka ameridhika. Nati nayo ina namba yake: 8 kwa bolti ya 8.8, 10 kwa 10.9. Nati ya namba kubwa zaidi si kosa, ya namba ndogo ni hatari. Nati dhaifu kwenye bolti ngumu huchunika hesi kwa ndani. Bolti ikikatika unaiona palepale, lakini hesi zinazochunika huanza kidogokidogo huku kwa nje kila kitu kikionekana kimekaza, mpaka siku mzigo unapoing'oa. Kwa hiyo geuza kila nati utazame uso wake kabla ya kulipa, na izungushe kwa vidole kwenye bolti yake. Ikienda mizunguko miwili ikagoma, usilazimishe kwa spana: huenda hesi hazilingani. M12 peke yake ina hatua (umbali wa hesi moja hadi nyingine) za milimita 1.75, 1.5 na 1.25, na nati nyingi za magurudumu ya Toyota ni za 1.5.

Kwa geti, mabano na fremu za meza, 4.8 inatosha kabisa. Tela na fremu zinazobeba mzigo zipe 8.8. Pale kiwanda cha gari kilipoweka 10.9, rudisha 10.9. Kupanda hadi 12.9 kwa kudhani ngumu zaidi ndiyo salama zaidi hatushauri. Chuma hicho hakivumilii kupindwa, na kikipakwa zinki kwa umeme bila kuokwa vizuri baadaye, haidrojeni hubaki ndani na bolti inaweza kupasuka saa kadhaa baada ya kukazwa. Na kwenye trekta kuna bolti iliyowekwa makusudi ikatike kuokoa giaboksi, hiyo usiibadilishe kwa ngumu.

Usikubali fundi achomelee kichwa cha 8.8 au 10.9. Moto unaondoa ugumu uliopikwa kiwandani, na namba inabaki kuwa maandishi tu.

Kukaza nako kuna kipimo: M12 ya 8.8, ikiwa kavu, ni kama nyutoni mita 80 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha spana); ya 10.9 ni kama 120, ya 4.8 karibu nusu ya ile ya 8.8. Ukipaka oili au grisi punguza, kwa sababu msuguano umeshuka na nguvu ileile ya spana inaivuta bolti zaidi.

Wenye boti za Kigamboni huulizia zisizoshika kutu. Zipo, na alama zake ni A2 na A4, aina mbili za chuma kisichoshika kutu. Ila A2-70 ni dhaifu kuliko 8.8, na chumvi ya bahari inataka A4. Zipake grisi ya kuzuia kung'ang'aniana, la sivyo nati itakwama katikati na njia pekee itakuwa kuikata.

Kwa kazi ya gari, muombe muuzaji alete boksi lenyewe, usome lebo na kulinganisha na vichwa. Duka linalokataa kuonyesha boksi la 10.9, hamia la jirani.