Taji la gego la chini: tathmini yangu baada ya mwaka mmoja

Taji ninaloliandikia tathmini hii, yaani kofia ngumu inayofunika jino, liko kwenye gego la chini, upande wa kushoto, na sasa lina mwaka mmoja na miezi minne. Nilikwenda kliniki na malalamiko ambayo sikujua namna ya kuyaeleza: jino halikuuma nilipokuwa nikitafuna, bali lilichoma ghafla kila nilipoachia taya baada ya kuuma kitu kigumu. Daktari wa meno alinipa kifaa kidogo cha plastiki nikiume kwenye ncha moja moja ya gego, kisha akaniambia kwamba maumivu ya kuachia ni mojawapo ya dalili za jino lenye ufa. Kipimo cha baridi kilionyesha kwamba neva ilikuwa bado hai, kwa hiyo sikuhitaji matibabu ya mzizi, yaani kuondolewa neva na kuzibwa ndani ya mizizi ya jino.

Ninachokithamini zaidi katika huduma ile ni maelezo niliyopewa kabla jino halijaguswa. Gego langu lilikuwa limezibwa miaka mingi iliyopita, na dawa iliyozibia ilichukua katikati pamoja na ukingo wa mbele na wa nyuma, hivyo kuta zilizobaki zilikuwa zikitanuliwa kila nilipotafuna. Wengi husikia kwamba jino lililotibiwa mzizi huvunjika kwa sababu limekauka, lakini kinachodhoofisha zaidi ni kiasi cha jino kilichokwisha kuondolewa. Katika jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 1989, tundu la kufikia mzizi lilipunguza uimara wa ncha za jino kwa takriban asilimia 5 tu, ilhali tundu lililokata kingo zote mbili liliupunguza kwa takriban asilimia 63. Ndiyo maana magego yaliyotibiwa mzizi, ambayo mara nyingi yalikuwa yameoza sana kabla ya matibabu na ndiyo yanayobeba nguvu kubwa ya kutafuna, kwa kawaida huvishwa taji linalozikumbatia kuta zote kwa pamoja. Taji huhitajika pia kufunika kipandikizi (mzizi bandia uliopandikizwa kwenye taya), kushikilia daraja la meno (jino bandia linaloziba pengo), au kulinda magego ya utotoni yaliyooza sana, ambayo huvishwa taji la chuma kisichoshika kutu.

Daktari alinieleza bila kuficha kwamba jino likishasagwa halirudi. Juu ya gego husagwa takriban milimita 1.5 hadi 2, na pembeni husagwa kidogo kuliko hapo, kutegemea aina ya taji. Kwa sababu hiyo tundu dogo huzibwa tu, na kumvisha mtu taji kwa ajili ya tundu la namna hiyo naona ni kumharibia jino zima. Alinieleza pia tofauti za malighafi: dhahabu huhitaji kusaga kidogo na hudumu sana, kauri iliyopakwa juu ya chuma inaweza kumeguka, na zirkonia, ambayo ni aina ya kauri, ni ngumu na ina rangi inayokaribia ya jino. Nilichagua zirkonia, nami sijajuta.

Kasoro zilikuwapo, na sioni haki kuzinyamazia. Taji la muda, nililovishwa wakati fundi wa maabara akitengeneza la kudumu, lilibanduka siku ya nne, na hakuna aliyekuwa amenionya kwamba linaweza kubanduka wala nifanye nini likibanduka. Nilipiga simu kliniki bila kujibiwa hadi kesho yake. Jambo hilo si dogo, kwa kuwa jino lililosagwa likikaa wazi meno ya jirani yanaweza kusogea, na taji lililokwisha kutengenezwa lisiingie tena. Kasoro ya pili ilitokea siku ya kugandisha taji lenyewe: urefu wake ulipimwa kwa karatasi ya rangi wakati ganzi ingali mdomoni, nami sikuweza kuhisi kwamba lilikuwa juu kuliko meno mengine. Nilirudi baada ya siku 3 taya ikiuma, likapunguzwa kwa dakika chache, na tangu hapo sijapata maumivu yale ya kuachia.

Katika ukaguzi wa mwaka, ukingo wa taji ulikuwa umekaa sawa na ufizi haukutoka damu. Taji halitoboki kwa kuoza, lakini jino lililo chini yake huoza kuanzia pale ukingo unapokutana nalo, kwa hiyo napitisha uzi kila usiku, na kwa kuwa nasaga meno usingizini nilitengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa wakati wa kulala. Mataji mengi hudumu miaka 10 hadi 15, na mengine zaidi.

Siku hiyo hiyo niliomba taji la pili, kwa jino la mbele lililotibiwa mzizi nilipokuwa kijana na ambalo limegeuka rangi kuwa kijivu. Daktari alikataa, akanionyesha kwenye picha ya eksirei kwamba sehemu kubwa ya jino hilo ni nzima na kwamba meno ya mbele hayakabiliwi na nguvu kama ya magego. Tumekubaliana aanze kwa kulisafisha rangi kutokea ndani, na miadi yangu ni mwezi ujao.