Daphnis na Chloe (1931): filamu bubu ya Ugiriki iliyonigusa

Ukitafuta habari za filamu hii, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni binti anayeoga uchi. Wengi hulitaja tukio hilo kuwa la kwanza la aina yake katika filamu za hadithi barani Ulaya, miaka miwili kabla ya mwigizaji Hedy Lamarr kuonekana uchi katika filamu ya Ecstasy. Kwangu mimi, sifa hiyo imeipunja filamu.

Mwongozaji wake, Orestis Laskos, alikuwa mshairi, tena kijana ambaye hata miaka 25 hajafikisha. Aliichukua riwaya ya kale ya Longus, mwandishi wa Kigiriki: watoto wawili, Daphnis na Chloe, waliookotwa kisiwani Lesbos, mmoja akinyonyeshwa na mbuzi, mwingine na kondoo. Wakalelewa na wachungaji, wakakulia malishoni, wakapendana bila kuelewa kilichowapata. Hapo ndipo ububu wa filamu ulipofaa. Marekani sinema zilikuwa zimeshaanza kuzungumza, lakini vijana hawa hata wangepewa sauti wasingejua waseme nini. Mtazamaji unabaki na macho yao, na mkono unaosogea kisha ukasita. Jua linalowawakia ni jua kweli, na mifugo ni mifugo kweli, si mapambo ya jukwaani. Ndani ya mwanga huo hata kule kuoga nilikuona ni jambo la kawaida, sehemu ya maisha ya watu wa maji na miamba.

Halafu fikiria wakati wenyewe. Mwaka 1922 wakimbizi kutoka Asia Ndogo, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, walimiminika Ugiriki, na Lesbos, iliyo jirani kabisa na pwani ya Uturuki, iliwapokea wengi mno. Haikupita hata miaka 10, Laskos akakirudisha kisiwa hichohicho kwenye sinema kikiwa na filimbi na malisho. Siwezi kuitazama filamu hii nikasahau hilo, na utamu wake unanichoma zaidi kwa sababu hiyo.

Mwendo wake ni wa polepole, hasa kwa aliyezoea filamu za leo, na picha zimechakaa kwa umri. Maandishi yanayopita kati ya picha ni ya Kigiriki, kwa hiyo soma kwanza muhtasari wa riwaya. Mimi niliweza kuifuata kwa kuwa hadithi nilikuwa naijua. Laskos baadaye aliongoza vichekesho vingi vilivyopendwa Ugiriki, ila mimi nitaendelea kumtaja kwa hii. Naipa nyota nne kati ya tano.