Fundi wa santuri Ngarenaro: sauti imerudi, ila jiandae kusubiri

Aisee wadau, kama una pleya ya santuri imelala stoo eti kwa sababu inaimba polepole, usiitupe kwanza. Yangu aliileta shemeji kutoka Marekani, nikanunua transfoma ya kushusha umeme duka moja hapa Arusha mjini, jamaa akaniambia hapo nimemaliza kazi. Nafika home naweka santuri ya dansi ya marehemu baba, mwimbaji anatoka kama kaamshwa usingizini, magitaa yanaburuza miguu. Kurudi dukani naambiwa ndo analogi hiyo bosi, hamia digitali. Hela yangu wakakaa nayo.

Ndo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Ngarenaro, kibanda ukipita na daladala hukioni, ndani redio kaseti zimepangwa mpaka darini. Mzee hakufungua hata nati. Alibandika kakaratasi pembeni ya sahani akasema hesabu mizunguko dakika nzima, shika saa ya simu. Nikapata 28 kasoro kidogo, wakati santuri ile inataka 33 na theluthi. Kumbe transfoma inashusha volti tu, hezi, yaani mara ambazo umeme unapiga mzunguko kwa sekunde, haizigusi, umeme wetu ni hezi 50 wa Marekani 60, na mota ya aina ile inakimbia kwa kufuata hezi, kwa hiyo ilikuwa inapoteza moja ya sita ya spidi. Dawa ni puli ya mota, kale kagurudumu kanakovuta mpira wa kuzungusha sahani, iwe nene zaidi kwa asilimia 20. Akampa jamaa wa kukereza vyuma akaichonga ya shaba, mpira mpya, sindano ikasafishwa kwa brashi laini, tukahesabu tena, 33 hiyo hapo. Elfu 70 jumla, mi naona halali kabisa.

Sasa ubishi, maana nilienda pale nimeshajiaminisha analogi, yaani santuri, ndo baba lao kuliko digitali. Mzee akairekodi santuri yangu kwenye kompyuta kwa kipimo cha sidii, yaani sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, halafu akazipiga zote mbili kwa pamoja, amplifaya ileile, spika zilezile, mimi nimegeukia mlangoni yeye anabadilisha swichi. Nilikisia mara kumi nikapata tano, na wakati naapa kabisa hii ndo santuri maana nasikia vumbi linavyotatarika, kumbe ni kopi, imebeba mpaka vumbi! Nikanywea.

Ila flashi yangu niliyojaziwa nyimbo stendi niliijua hata kiitikio hakijafika. Matoazi yanatoa shwii shwii kama bomba linavuja. Nyimbo zile zimebanwa mpaka kilobiti 128 kwa sekunde, sidii ni 1,411, sasa ukiitia hiyo kwenye sabufa ya plastiki halafu useme digitali mbaya, unaionea. Na santuri nayo isisifiwe kupita kiasi, wimbo wa mwisho kule karibu na kitobo, sauti za juu zinakwaruza na usafi wote ule.

Malalamiko yangu kwa mzee: aliniambia siku nne zikawa wiki tatu, simu mara nyingi imezimwa, na hakuna pa kukaa zaidi ya kreti la soda. Nyota nne. Ukienda beba santuri yako mwenyewe, za kwake ziko kabatini na ufunguo anao mkewe.