Unanunua friji mkononi kwa mtu? Lipi uchukue, lipi uache

Mwaka juzi nilinunua friji kwa jamaa mmoja wa Sinza aliyesema anahama. Nilipofungua mlango ubaridi ulinipiga usoni, nikalipa bila hata kuomba apunguze. Siku ya pili maziwa yakachacha. Fundi akalikagua, akacheka: halina gesi kabisa. Ubaridi ule ulikuwa wa chupa za maji yaliyogandishwa kwingine, na moja aliisahau kwenye droo ya mboga. Mimi nilidhani ni zawadi.

Tangu hapo nayapanga hivi.

Namba moja ni friji la kawaida la milango miwili, lile linalojaza barafu mpaka uliyeyushe mwenyewe, la lita 150 hadi 250. Halina mambo mengi: kompresa inayosukuma gesi, themostati inayopima ubaridi, mabomba ya gesi. Themostati ikifa, fundi wa mtaani anaibadilisha. Ugonjwa wake mkubwa huletwa na mwenye nyumba anayechokonoa barafu kwa kisu mpaka anatoboa. Pitisha kidole kwenye kuta za friza taratibu. Ukikuta kidonda cha gundi kavu, aga uondoke.

Namba mbili, friza la kufungulia juu. Kwa anayeuza barafu, juisi au samaki, hili ndilo la kwanza. Hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo ukifungua kifuniko haimwagiki, na likiwa limejaa linastahimili umeme ukikatika. Liinamishe uone chini: chumvi ya samaki na hewa ya pwani hula bati kuanzia huko.

Namba tatu ni yale yasiyojaza barafu. Ni matamu kutumia, ila ndani kuna feni, hita ya kuyeyusha barafu na sensa. Hita ikifa, barafu hujificha nyuma ya paneli, juu kunaganda na chini mchicha unanyauka. Ubovu huo hujitokeza baada ya siku kadhaa, na wewe unakagua kwa nusu saa. Nunua kwa mtu ambaye utaweza kumrudia.

Yale makabati makubwa yenye milango miwili ubavu kwa ubavu nayaweka mwisho. Yanaendeshwa na bodi ya elektroniki, na umeme unaochezacheza huua bodi. Uliza bei ya bodi kabla hujauliza bei ya friji.

Mawili usiyaguse. Moja ni lililotoka Marekani, la volti 115. Utaambiwa ununue transfoma, lakini transfoma haibadilishi mapigo ya umeme, yaani hezi 60, kuwa 50 za kwetu. Jingine ni friji la kioo lenye nembo ya soda. Mengi ni mali ya kampuni, maduka huazimwa tu. Usije ukafuatwa nyumbani.

Sasa kukagua. Mwambie muuzaji alizime tangu usiku na aache milango wazi, ulikute la moto, uliwashe wewe. Akikataa, jibu umeshapata. Kwa linalojaza barafu, baada ya dakika 20 hivi gusa ukuta wa friza kwa kidole kibichi: kinatakiwa kianze kunata. Sikiliza kompresa. Ikiguna, ikasema "ta!", ikanyamaza, halafu ikarudia baada ya dakika chache, inashindwa kuanza. Bana noti mlangoni uivute. Ikitoka kama imewekwa mezani, mpira umechoka.

Kisha zunguka nyuma, upige magoti. Kwenye kompresa kuna kibomba kifupi ambacho hakijaungwa popote. Cha kiwandani ncha yake imebanwa na kuzibwa. Ukikuta kimefungwa valvu kama ya tairi la baiskeli, gesi imeshawahi kujazwa upya. Muulize kwa nini. Gesi ya friji haiishi kama petroli. Ikipungua ilivuja mahali, na kama pale hapajazibwa, itavuja tena mikononi mwako. Mimi sasa hiki kibomba nakitazama kabla hata ya kusalimia vizuri.

Soma na kibandiko. Herufi N maana yake limetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST 38, T 43. Kwa jiko la chini ya bati Dar mwezi wa Januari, tafuta T. Ukiona R600a, hiyo gesi inawaka moto, kwa hiyo usimwite fundi anayechomelea huku anavuta sigara.

Hela ya kushikia bidhaa kabla hujaiona, usitume, hata akuambie kuna mteja yuko njiani. Huyo mteja huwa yuko njiani siku zote.

Mwenye kirikuu atataka kulilaza ili apakie na mzigo mwingine. Mwongeze hela lisimame, ulifunge kamba. Likilazimika kulala, mafuta ya kompresa huhama, basi likifika lisimamishe mpaka kesho yake ndipo uchomeke, tena kupitia kilinda umeme. Usiku huo maji ya baridi kanunue dukani.