Uzoefu wangu: nyumba ya Captain Cook, Whitby

Jamani kama uko Uingereza na umepata siku moja ya mapumziko nenda Whitby, mji wa pwani kaskazini mashariki. Mi nilienda na mdogo wangu makumbusho ya Captain Cook, yule nahodha mpelelezi wa bahari wa Kiingereza, ile nyumba ya mtaa wa Grape Lane inayopakana na mto Esk, ya mzee John Walker aliyekuwa na meli za makaa ya mawe, ndo hapo James Cook alikuja 1746 kujifunza ubaharia. Baba yake kibarua wa shamba tu.

Vyumba vya chini viko vizuri ila usimalizie muda wote huko, panda mpaka darini. Ndo walipokuwa wanalala vijana waliokuja kujifunza ubaharia, mbao tupu juu na pembeni, yaani kama uko ndani ya jahazi lililopinduliwa. Inasimuliwa mama mtunza nyumba, Mary Prowd, alikuwa anamwekea Cook meza na mishumaa asome usiku wenzake wakipiga soga. Nilisimama pale muda mrefu aisee.

Halafu 1755, mtu ameshaahidiwa unahodha wa meli ya makaa, anaacha anaingia jeshi la maji la mfalme kama baharia wa kawaida, anaanza chini kabisa! Miaka 4 baadaye anapima mto St Lawrence kule Kanada ili meli za vita zipite kwenda Quebec, 1768 ndo wanampa cheo cha luteni na meli ya Endeavour.

Na hiyo Endeavour ilikuwa meli ya makaa ya hapohapo Whitby, tumbo pana, chini bapa, maji yakipwa inakaa kwenye tope bila kulala ubavu. Mi kwetu Tanga, baba mkubwa alikuwa nahodha, hilo silihitaji kuelezwa. Juni 1770 meli ilikwama kwenye mwamba Australia ikatoboka, wakatupa mizinga 6 baharini, wakaziba tundu kwa tanga lililopakwa sufu na nyuzi za kamba, walipoivuta ufukweni kukalafati, yaani kuziba pavujapo, wakakuta pande la tumbawe limenasa kwenye tundu lenyewe. Lingechomoka njiani wote wangezama.

Cook aliuawa Hawaii Februari 14, 1779. Mkewe Elizabeth aliishi miaka 56 bila yeye, na watoto wote 6 wakamtangulia kufa. Hilo liliniuma kuliko yote, mdogo wangu alitoka nje kabisa akakae mtoni.

Wakati wa baridi huwa wanafunga, kwa hiyo ulizia kwanza kabla hujakata tiketi ya basi.