Uzoefu wangu: ushauri nasaha kwa njia ya mtandao kwa jamaa wa mraibu

Tangu mwaka jana nimekuwa nikipata ushauri nasaha kwa simu na kwa video, kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume aliyekuwa akitumia unga, yaani heroini, na kwa sababu ya yale ambayo unga huo ulikuwa umeyaleta ndani ya nyumba yangu: usingizi ulinipotea, mazungumzo yangu na mume wangu yakawa ni ya fedha na makufuli tu, na mama yetu akawa hali wala halali. Ninawaandikia hasa jamaa wa waraibu, kwa kuwa naamini wao ndio wanaofaidika zaidi na huduma hii, ingawa matangazo yake huwalenga waraibu wenyewe.

Hapa Malindi msaada wa ana kwa ana upo. The Omari Project imekuwa ikiwahudumia watumiaji wa heroini tangu miaka ya 1990, na hospitali ya serikali hutoa methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, tangu 2015. Kilichotuzuia ni macho ya watu. Katika mtaa wetu wa Shela tunajuana kwa koo, na mwanamke akionekana ameketi nje ya chumba cha mshauri, habari zake hufika nyumbani kabla yake. Kwa simu niliweza kuzungumza juu darini baada ya Alasiri, mlango nimeufunga, na hapana aliyejua ila mume wangu.

Kabla ya kulipa nilimwomba mshauri namba yake ya usajili, kwa sababu Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014 na mwenye kazi hiyo hana haki ya kuchukizwa akiulizwa. Alinitajia bila kusita, kisha akanieleza ni nani awezaye kusoma maandishi ya vikao vyangu. Huduma nyingine niliyoijaribu mwanzo haikuwa na jibu la maswali hayo, nikaiacha.

Lililonifanya nimwamini zaidi ni kwamba hakuniahidi kumponya ndugu yangu. Katika kikao cha kwanza aliniambia, "Dada, uraibu wa heroini hauondoki kwa mazungumzo ya simu peke yake, mpelekeni kliniki ya methadoni, nami nitakuwa pamoja nanyi nyumbani." Akanifafanulia kwamba methadoni hukaa mwilini muda mrefu, hivyo dozi moja kwa siku, inayonywewa mbele ya mhudumu, hutosha kuizuia arosto, yaani lile jasho, kuhara na maumivu ya mifupa yanayomrudisha mtu maskani wanakotumia unga, kwamba kuichanganya na pombe au vidonge vya usingizi kunaweza kuzima pumzi, na kwamba mtu aliyekaa muda bila unga, akarudia kipimo chake cha zamani, anaweza kufa kwa kuwa mwili umekwisha kukisahau. Hili la mwisho hatukuwahi kuambiwa na yeyote. Majirani wengi, watu wema kabisa, huamini kwamba kijana aliyefungiwa chumbani wiki nzima hadi arosto ikamwisha amekwisha kupona, na kumbe siku anayofunguliwa mlango ndiyo siku ya hatari.

Vikao vya mimi na mume wangu pamoja vilikuwa na manufaa ambayo sikuyatarajia. Mshauri alitutaka tuelekezane maneno sisi wawili badala ya kumshitakia yeye, na mmoja amalize ndipo mwingine aanze. Tulikubaliana kwamba ndugu yangu atapewa chakula na kulipiwa nauli ya kliniki lakini hatapewa fedha mkononi, na kwamba mazungumzo mazito yatangoja wakati ametulia. Kumweleza mama jambo hilo kulichukua muda mrefu kuliko yote, na ilibidi mshauri azungumze naye mwenyewe, kwa adabu na subira, akimwita "mama" na kumwachia nafasi ya kulia.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika video hukwama, na mara nyingi tulibaki na sauti tu. Ndugu yangu alipokubali kuzungumza alizima kamera, akajibu kila swali kwa kusema yu salama; mtu aliyeketi naye chumbani angeona mboni zilizosinyaa na namna alivyokuwa akijikuna. Kilichoniuma zaidi ni kubadilishiwa mshauri pasipo taarifa, nikalazimika kuyasimulia yote upya kwa mtu nisiyemjua, hadi nilipodai kurudishiwa wa kwanza. Ada ni ya wastani, na hulipwa kwa M-Pesa. Asiyeimudu anaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Ndugu yangu sasa huenda kliniki kila asubuhi, na ushauri wake huupata hukohuko. Mimi naendelea na vikao vya simu, na nimewaandikia wenye huduma kuwaomba wafungue nafasi za baada ya Isha, kwa sababu mume wangu hafiki nyumbani mapema na bila yeye vikao hivi hupungua nusu ya faida yake.