Stika, fimbo na boksi: viongeza rezo vitatu nilivyovibeba mpaka Lofoi

Aliyenitoa makuta, yaani pesa, mfukoni ninunue vifaa vya kuongeza rezo, mtandao wa simu, ni Mama Mapasa wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Mapasa wake, yaani pacha wake, wako katika kundi letu la skauti ambalo mimi ni chef, kiongozi wake, na asubuhi ya kupanda lori alinishika mkono akanivuta pembeni: "Chef, kila mangaribi ninataka kusikia sauti yabo. Siku rezo ikikosa, nakuya miye mwenyewe." Hakuwa anatania. Nilijibu "ndiyo, mama" huku nikijua tunakokwenda.

Tulikuwa tunakwenda Lofoi, katika hifadhi ya Kundelungu, maji yanapoanguka zaidi ya mita 300. Mwezi wa saba maji ni membamba na usiku baridi inang'ata. Tulipiga kambi chini bondeni, ukuta wa mawe umetuzibia nusu ya mbingu. Mahali pazuri kwa watoto, pabaya kwa simu. Ndiyo maana wiki moja kabla nilikuwa nimezunguka Lubumbashi nikinunua kila kitu kinachojiita kiongeza rezo, mradi bei isinifukuze.

Kwanza, jinsi nilivyopima, maana vijiti vya juu ya kioo vinadanganya: kila kampuni ya simu huvichora inavyotaka. Kwenye Android ingia mipangilio, kuhusu simu, hali ya SIM, utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm: ndiyo nguvu ya rezo, na ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Ikikaribia −70 unaongea vizuri. Ikifika −100 unaanza kusema "halo, halo". Kwenye −113 ni kama unaongea na jiwe. Niliweka simu ileile juu ya jiwe lilelile, nikasoma mara tano kwa kila kifaa.

Stika niliinunua soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, faranga 2,000, imetandazwa chini pamoja na vioo na chaja. Ni karatasi ya rangi ya dhahabu yenye mistari kama ramani ya mji, unaibandika nyuma ya betri. Kabla ya stika: −107. Baada ya stika: −107, mara moja −109. Tofauti ya namna hiyo naileta hata mimi nikisogea hatua moja. Stika haijaunganishwa na kitu chochote ndani ya simu, na antena ya simu ilishapimwa kiwandani. Ukigundisha chuma karibu na antena hiyo, bahati yako kisipoiharibu. Mtoto mmoja aliiomba akaibandika kwenye chupa yake ya maji. Imekaa vizuri pale.

Fimbo ilinigharimu dola 8. Ni antena ya kuvuta kama ya redio za zamani, unaichomeka kwenye tundu la spika za masikio. Hapa nijilaumu, ningefikiri kabla ya kulipa: tundu lile ni njia ya sauti, halifiki kabisa kwenye mitambo inayoongea na mnara. Namba haikuguswa. Lakini simu nyingi hutumia waya wa spika za masikio kama antena ya redio ya FM, na kwa kazi hiyo fimbo ilifaa: tulisikia muziki jioni nzima. Nyota moja, ya muziki.

Sasa boksi. Dola 55, katika duka moja katikati ya mji ambalo sitalitaja. Muuzaji aliapa: "Papa, hii inashika rezo zote, hata porini." Ndani kuna kikuzaji cha ukubwa wa kipande cha sabuni, antena ya nje, kebo ya mita 10, antena ndogo ya ndani, na chaja ya volti 12. Porini hakuna umeme, nikaliunganisha na betri ya pikipiki.

Usiku wa kwanza nilifunga antena ya nje juu ya hema, ile ndogo nikaiweka ndani, kati yao labda mita mbili. Taa ikawa nyekundu. Namba ikaruka, ikaanguka, halafu simu ikapoteza rezo hata ile kidogo iliyokuwapo. Umewahi kusikia kanisani mikrofoni ikigeuzwa kuelekea spika, kanisa zima likaziba masikio? Ndicho kilichotokea, ila masikio ya watu hayakisikii. Antena ya nje ilikuwa inasikia ile ya ndani, boksi linakuza sauti yake lenyewe, linairudisha, linaikuza tena. Mbaya zaidi, makelele hayo yanafika mpaka kwenye mnara na kuwasumbua watu wengine ambao hata hawajui kama wewe upo. Marekani, tangu 2014, kiongeza rezo cha mtu wa kawaida hakiruhusiwi kuuzwa kama hakijui kujituliza chenyewe kikianza kelele hizo, na nguvu yake ya kukuza, inayopimwa kwa dB, ina mpaka: karibu dB 65 kwa cha nyumbani kwenye mawimbi kama ya boksi langu, dB 50 kwa cha kwenye gari. Boksi langu limeandikwa dB 70, na halijui kunyamaza. Nililizima kwa mkono.

Siku ya pili tulitumia mlingoti wa bendera, mianzi miwili tuliyotoka nayo Lubumbashi. Tuliusimamisha kwenye mteremko, antena ya nje juu kabisa, kebo yote mita 10 ikashuka mpaka hemani. Kebo nyembamba ya urefu huo inakula karibu dB 5 njiani, yaani theluthi mbili ya nguvu yote, lakini umbali ule ndio ulioponya ugomvi. Taa ikawa kijani. Ndani ya hema, simu ikiwa karibu na antena ndogo: −84. Nikanyoosha mkono: −91. Nikatoka hatua tatu: −104. Kwa hiyo msifikiri kambi nzima inapata rezo. Anapata mtu mmoja, aliyeinama, sikio karibu na antena.

Nikampigia Mama Mapasa. Alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Batoto bangu bamekula?"

"Bamekula bukari na makayabo, mama."

"Nipe mukubwa. Hapana, nipe mudogo, huyu mukubwa anadanganyaka."

Nilipanga foleni. Watoto kumi na tisa, dakika moja kila mmoja, wakiingia hemani kwa magoti kama wanaokwenda kuungama.

Jambo ambalo muuzaji hakulisema: boksi hili ni la masafa ya mawimbi ya 900 (MHz) tu. Sauti na SMS zilipita. WhatsApp ilizunguka tu mpaka watoto wakachoka kuiangalia. Kwa hiyo kabla ya kununua, soma namba za masafa nyuma ya boksi, usisome maneno ya mbele. Chef mwenzangu aliletewa na ndugu yake wa Texas kifaa cha bei mara kumi ya changu, kizuri, kizito, cha kutumia garini. Kinakuza 700, 850 na 1900 za huko kwao. Minara yetu inaongea zaidi kwa 900, 1800, 2100. Sasa anazuilia nacho mlango usijifunge.

Na kingine: boksi linakuza kilichopo. Pale penye ukuta wa mawe kabisa, karibu na maji, antena ilipokuwa haisikii kitu, boksi lilikuza kimya. Naliachia nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za mianzi.

Siku ya tatu betri ya pikipiki ilikufa, maana nani alikumbuka kulizima boksi usiku? Ilikuwa kazi yangu. Mangaribi inaingia, na ninaiona sura ya Mama Mapasa. Ndipo msichana mmoja wa miaka 14 akaandika SMS kwenye simu yangu, akabonyeza kutuma, akaitia katika mfuko wa plastiki, akaufunga kwenye kamba ya bendera na kuivuta simu juu. Mita tano, labda sita. Watoto wawili wakapiga saluti. Wakacheka, mimi nikawakataza kucheka, kisha nikacheka.

Tukangoja kidogo. Simu iliposhushwa, SMS yetu ilikuwa imeondoka, na jibu limeshafika: "Chef leo juu ya nini SMS? Niko natafuta lori."

Tukaandika nyingine mbio, tukaipandisha tena.